Nani hasa anakula boriti? Wakazi wa tumbo la mchwa, mende na jamaa zao

Muulize mwanafunzi yeyote aliyesoma biolojia ya sekondari: mchwa anawezaje kula mti? Jibu litakuja upesi. Tumboni mwake mna protozoa, viumbe wa seli moja, wanaomsagia selulosi, naye huwapa makazi na chakula. Ni mfano wa viumbe wanaoishi kwa kutegemeana. Jibu hilo ni la kweli, ila haliwahusu mchwa ambao mwanafunzi huyo amewaona maishani mwake. Wajenzi wa vichuguu vikubwa vya Afrika Mashariki, wale wanaotoa kumbikumbi mvua zikianza, hawana protozoa hao. Wahenga wao waliwapoteza makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, na mahali pao pakashikwa na viumbe wengine kabisa.

Nani basi anayekula boriti? Inategemea unamzungumzia mchwa yupi. Duniani kuna spishi zipatazo 3,000 za mchwa, na katika suala hili zimeshika njia zilizoachana sana. Tukitaka kuzielewa, tuanze na ugumu wa mti wenyewe.

Ukiutazama kwa hesabu ya nishati, mti ni ghala la sukari. Selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi, glukosi ileile iliyomo katika wanga wa ugali. Lakini minyororo ya selulosi imelaliana ikabanana, ikazungukwa na hemiselulosi, kisha ikagandamanishwa na lignini, dutu ngumu inayoufanya mti usimame. Wanyama wengi hawana vimeng'enya vya kuufungua mfumo wote huo. Na hata ukiufungua, unakutana na tatizo la pili ambalo husahaulika mara nyingi: mti hauna protini ya kutosha. Naitrojeni iliyomo katika mti mkavu mara nyingi haifiki hata sehemu moja katika elfu moja ya uzito wake. Mdudu anaweza kushiba sukari ya mti na bado akafa kwa kukosa kitu cha kujengea mwili. Kwa hiyo mla mti anahitaji wasaidizi wa namna mbili, wa kumfungulia sukari na wa kumtafutia naitrojeni.

Mwaka 1877 Joseph Leidy, mtaalamu wa viumbe wa Philadelphia, Marekani, alitaka kujua mchwa waliokuwa chini ya mawe na magogo walikuwa wakila nini. Aliufungua utumbo wa mmoja wao chini ya hadubini, akakuta umati wa viumbe wa seli moja wenye vijimkia vingi, wakisongamana na kuogelea. Aliwaita vimelea, yaani aliwahesabu kuwa wanyonyaji. Ilichukua zaidi ya miaka 40 mtu mwingine kuonyesha kwamba mambo yalikuwa kinyume chake. Katika miaka ya 1920, Lemuel Cleveland aliwaweka mchwa kwenye joto la nyuzi 36 kwa saa 24. Mchwa walibaki hai, protozoa wakafa wote. Kisha akawapa mti kama kawaida. Waliula. Waliendelea kuula siku baada ya siku, na ndani ya wiki chache wakafa kwa njaa matumbo yao yakiwa na mti. Wale aliowarudishia protozoa walipona wakaendelea na maisha. Sijui majaribio mengi ya biolojia yaliyo rahisi namna hii na yenye jibu lisilo na utata kiasi hiki.

Mchwa aliofanyia kazi Cleveland ni wa kundi ambalo wataalamu hulihesabu kuwa la mchwa wa kale. Huku kwetu wapo pia. Mchwa wa mbao kavu wa jenasi ya Cryptotermes wanapatikana katika pwani ya Afrika Mashariki. Huishi ndani ya mbao zenyewe, hawajengi kichuguu wala hawahitaji udongo. Ukiona chini ya kabati au dirisha chembe ndogo ngumu zilizolundikana, mithili ya mchanga, na ukizitazama kwa kioo cha kukuzia ukaona kila moja ina pande sita, hicho ni kinyesi chao. Hao ndio mchwa wa kitabuni. Ndani yao protozoa wamo.

Tuingie sasa ndani ya utumbo huo. Mchwa hutafuna mti na kuuanza kidogo kwa kimeng'enya chake mwenyewe. Hili lilithibitishwa mwaka 1998, pale watafiti wa Japani walipoonyesha kuwa jeni la kuvunja selulosi limo katika seli za mchwa, si katika wageni wake tu. Vipande vilivyobaki hufika kwenye utumbo wa nyuma, na hapo protozoa huvimeza vizimavizima. Ndani ya protozoa, selulosi huvunjwa kuwa sukari, na sukari huchachushwa bila oksijeni. Vinavyotoka ni vitu vitatu: asetati, kaboni dioksaidi na haidrojeni.

Asetati, ambayo ni jamaa wa karibu wa asidi iliyomo katika siki, ndiyo mlo wenyewe. Hupenya ukuta wa utumbo ikaingia mwilini, nayo humpa mchwa karibu nishati yake yote. Kwa maneno mengine, sukari ya mti huliwa na protozoa, na mchwa huishi kwa kile ambacho protozoa wamekitoa kama taka. Kazi hii inafanyika kwa ufanisi mkubwa sana: mchwa walao mti huweza kuvunja kati ya asilimia 74 na 99 ya selulosi wanayoimeza.

Haidrojeni nayo haiachwi hivihivi. Ikirundikana, uchachushaji hukwama, tena ni nishati inayopotea. Hapa ndipo bakteria wanapoingia. Katika utumbo wa mchwa walao mti wamejaa spiroketi, bakteria wembamba waliojisokota, wa jenasi ya Treponema, jenasi ileile yenye bakteria wa kaswende. Kwa miongo mingi wataalamu waliwaona wakiogelea kwa maelfu bila kujua wanafanya nini, maana walishindikana kuoteshwa maabara. Mwaka 1999 hatimaye walioteshwa, na ikadhihirika kuwa huchukua haidrojeni na kaboni dioksaidi, taka mbili za protozoa, wakaziunganisha kuwa asetati nyingine. Kwa njia hii bakteria huweza kumpatia mchwa hadi theluthi moja ya asetati yake. Taka ya mmoja imekuwa malighafi ya wa pili na chakula cha wa tatu.

Yote hayo hutendeka katika nafasi ya ujazo wa karibu mikrolita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya lita. Udogo huo una hatari yake. Protozoa na bakteria wengi wa humo huuawa na oksijeni, na katika kijifuko kidogo kama hicho oksijeni hupenya kutoka pande zote. Mwaka 1995 Andreas Brune na wenzake nchini Ujerumani waliingiza vipimo vyembamba mno ndani ya utumbo wa mchwa, wakakuta kwamba oksijeni hupenya kweli, lakini huishia mikromita 50 hadi 200 tu kutoka ukutani (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Bakteria waliojipanga ukutani huimaliza kabla haijafika katikati. Basi utumbo ambao vitabu viliusawiri kama pipa la kuchachushia lisilo na hewa una kanda mbili, ukingo wenye oksijeni na kitovu kisicho nayo, na kila kanda ina wenyeji wake.

Naitrojeni je? Mwaka 1973 ilionyeshwa kwamba bakteria wa tumboni mwa mchwa huichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa kitu kinachofaa kujengea protini, kazi ambayo mkulima huijua kwa bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi ya kunde na maharage. Mfano unaonistaajabisha zaidi ni wa mchwa Coptotermes formosanus, mharibifu mashuhuri wa majengo huko Asia na Marekani. Ndani ya utumbo wake mna protozoa mkubwa, na ndani ya seli ya protozoa huyo mna bakteria wasioishi kwingine kokote. Jenomu ya bakteria hao, yaani DNA yao yote, ilisomwa mwaka 2008. Huchukua naitrojeni ya hewani, hutengeneza asidi amino, yaani vijenzi vya protini, na humpa mwenyeji wao, ambaye kwa upande wake huwapa sukari ya selulosi. Kwa hiyo bakteria yumo ndani ya protozoa, protozoa yumo ndani ya mchwa, na mchwa hawezi kuishi nje ya kundi lake.

Katika kaskazini ya Australia kuna mchwa aitwaye Mastotermes darwiniensis, na ndani yake protozoa Mixotricha paradoxa, mwenye urefu wa karibu nusu milimita, mkubwa kwa kiumbe wa seli moja. Aliyemweleza kwanza mwaka 1933, Jean Sutherland, alidhani amefunikwa na vinyweleo vya kuogelea. Mwaka 1964 Cleveland na mwenzake Grimstone walionyesha kuwa vinyweleo hivyo ni spiroketi, maelfu kwa maelfu, waliojibandika juu ya ngozi yake na kupiga mawimbi kwa pamoja hata wakamsukuma mbele. Kiumbe huyo huogeleshwa na bakteria.

Sasa fikiria tatizo la kurithisha mali hii. Mchwa anapokua hujivua gamba, na anapojivua huondoa pia utando wa ndani wa utumbo wa nyuma, wakazi wake wote wakatoka nao. Baada ya kila kujivua, hana uwezo wa kula mti tena mpaka apate mbegu mpya ya wakazi hao. Huipata kwa kulamba tone linalotoka nyuma ya mwenzake. Tendo hilo linaweza kumchukiza msomaji, lakini lina uzito mkubwa katika historia ya mdudu huyu. Mchwa anayeishi peke yake, akijivua gamba mara moja tu, amekufa. Cleveland na wengi baada yake waliona humo mojawapo ya vyanzo vya maisha ya jamii ya mchwa: kabla ya malkia, kabla ya askari, palikuwapo haja ya kutoachana na ndugu.

Ushahidi wa hoja hii uko kwa mende. Kuna mende wa jenasi ya Cryptocercus waishio ndani ya magogo yaliyooza katika misitu ya Amerika Kaskazini na Asia ya Mashariki. Hula mti. Tumboni wana protozoa wa koo zilezile za mchwa. Wazazi huishi na watoto wao kwa miaka, wakiwalisha majimaji ya utumbo wa nyuma. Mwaka 2007 watafiti wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London walichapisha uchambuzi wa DNA uliokamilisha mjadala mrefu: mchwa ni mende. Si jamaa wa mbali wa mende. Wamo ndani ya ukoo wenyewe, na ndugu yao wa karibu kuliko wote ni Cryptocercus. Usiwachanganye na siafu wala sisimizi, ambao ni jamaa wa nyuki na nyigu.

Mende wa jikoni naye ana hazina yake, ila ameiweka mahali pengine. Katika tishu ya mafuta iliyomo tumboni, nje kabisa ya utumbo, kuna seli maalumu zilizojaa bakteria wa jenasi ya Blattabacterium. Mende huhifadhi mabaki ya naitrojeni kama asidi ya yuriki katika tishu hiyohiyo badala ya kuyatupa yote. Jenomu ya bakteria hao iliposomwa mwaka 2009, ilieleweka sababu: hutumia yurea na amonia zinazotokana na mabaki hayo kutengeneza asidi amino na vitamini. Ndiyo maana mende huvumilia nyumba isiyo na chakula kizuri, akala gundi, karatasi na makombo yasiyo na protini. Ukimwondolea bakteria hao kwa dawa za kuua bakteria, hudumaa na uzazi wake huvurugika. Jenomu yao ina herufi za DNA zipatazo 640,000 tu, ndogo zaidi ya mara saba kuliko ile ya bakteria E. coli wa tumboni mwetu. Wameishi ndani ya mende muda mrefu, wakirithishwa kupitia yai kutoka mama hadi mtoto, kiasi kwamba jeni za kujitegemea zimepotea. Mchwa walioachana na mende wengine karibu miaka milioni 150 iliyopita walimpoteza mgeni huyo, isipokuwa Mastotermes yule wa Australia, ambaye bado anaye.

Utumbo wa mende nao una bakteria wake, na hao wana kazi ambayo isingemjia mtu akilini. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa harufu inayowakusanya mende wa Kijerumani pamoja, wale wadogo wa hudhurungi wanaojaa nyuma ya jokofu, hutokana kwa sehemu kubwa na asidi zinazotengenezwa na bakteria wa tumboni na kutoka na kinyesi. Kinyesi cha mende waliolelewa bila bakteria hakikuwavuta wenzao kama kile cha kawaida.

Nimechelewa kuvifikia vichuguu vyetu kwa sababu haviwezi kueleweka bila historia hiyo. Katika tawi moja la mchwa, ambalo leo lina sehemu kubwa ya spishi zote, wale protozoa wa kusaga mti walitoweka kabisa. Tawi hilo ndilo lenye Macrotermes, Odontotermes, Cubitermes na karibu kila mchwa anayejenga kichuguu unachokiona ukisafiri kutoka Voi hadi Taveta, au kutoka Dodoma hadi Singida. Walipompoteza msagaji wao, walipata njia tatu.

Njia ya kwanza ilikuwa kuwatumia bakteria peke yao. Mchwa wa jenasi ya Nasutitermes walifanya hivyo. Mwaka 2007 jeni za bakteria wote wa tumbo la Nasutitermes wa Costa Rica zilisomwa kwa pamoja, na humo zikapatikana nyingi za kuvunja selulosi na hemiselulosi, kazi ambayo awali ilikuwa ya protozoa.

Njia ya pili ni kilimo, na hii ni ya Afrika. Macrotermes na Odontotermes hulima kuvu ya jenasi ya Termitomyces. Wafanyakazi wachanga hula majani makavu, nyasi, vijiti au boriti yako, pamoja na vinundu vyeupe vya kuvu vyenye spora, yaani mbegu za kuvu. Mlo huo hupita tumboni upesi, ukiwa haujasagika sana, na hutoka umechanganyika na spora. Huwekwa juu ya sega la kuvu ndani ya kichuguu. Wiki kadhaa zinazofuata kuvu huivunja lignini na selulosi, jambo ambalo mchwa na bakteria wake wasingeliweza kwa kiwango hicho. Sehemu kuukuu ya sega, iliyokwisha kulainishwa, huliwa na wafanyakazi wazee, na bakteria wa tumboni mwao humalizia sukari fupifupi zilizobaki. Mti umesagwa kwa hatua, kwanza nje ya mwili na mwisho ndani ya mwili.

Kwa hiyo ukiona vijia vya udongo vimepanda ukutani hadi kwenye kenchi, ujue kwamba anayeliwa boriti yake hapo analiwa na kuvu iliyoko chini ya ardhi, mahali ambapo mchwa wanaipeleka mbao chembe kwa chembe. Ndiyo tofauti kubwa na yule wa mbao kavu mwenye chembe za pande sita, anayemaliza kila kitu ndani ya ubao uleule. Tofauti hii si ya kitaaluma tu: mmoja ana kundi kubwa nje ya nyumba, mwingine kundi lake lote lipo ndani ya kabati, na mtu akitumia dawa ya mmoja kumwulia mwingine atapoteza fedha zake.

Na kuna jambo ambalo hunirudia kila ninaposoma kuhusu mchwa hawa. Bakteria wa tumboni mwa Macrotermes, walipochunguzwa, walionekana kufanana zaidi na wa tumboni mwa mende kuliko na wa mchwa wenzao walao mti. Sababu iko katika mlo. Kuvu ina protini nyingi, na mchwa aliyeanza kula kuvu alirudia mlo unaokaribiana na ule wa wahenga wake mende, waliokula kila kitu. Wakazi wa tumbo hawafuati ukoo peke yake. Wanafuata pia sahani.

Kilimo hiki ni cha zamani kuliko kilimo chetu kwa kiasi kisichofananishika. Katika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, wanajiolojia walipata viota vya mchwa vilivyogeuka mawe vikiwa bado na masega ya kuvu ndani yake, vya umri wa miaka milioni 25. Waliandika matokeo hayo mwaka 2016. Makadirio ya DNA yanasema kilimo chenyewe kilianza katika misitu ya Afrika miaka ipatayo milioni 30 iliyopita. Uyoga mkubwa unaochipuka juu ya vichuguu wakati wa mvua, ambao watu wa nchi zetu huuokota na kuula, ni tunda la kuvu hiyohiyo. Hueneza spora. Kumbikumbi wa spishi nyingi hawaibebi kuvu wanapoondoka. Kundi jipya huanza bila shamba, na wafanyakazi wake wa kwanza hutoka kutafuta spora zilizoachwa na uyoga. Lakini kwa Macrotermes bellicosus mfalme ndiye huibeba mbegu tumboni, na kwa Microtermes ni malkia.

Njia ya tatu ni kuuacha mti na kula udongo. Cubitermes na jamaa zao hutafuta mabaki ya mimea na vijidudu vilivyokwisha kuoza na kushikamana na chembe za udongo. Ili kuvibandua, sehemu ya mbele ya utumbo wao wa nyuma hufikia pH (kipimo cha asidi na alkali) zaidi ya 12, ukali unaokaribia ule wa magadi ya kutengenezea sabuni, na ni mojawapo ya viwango vya juu kabisa vilivyopimwa ndani ya mwili wa mnyama. Katika sehemu inayofuata pH hushuka, na hapo bakteria hustawi. Katika kuwachunguza mchwa walao udongo, Mkenya kutoka Kwale, Hamadi Boga, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ana alama yake: mwaka 2003 yeye, Brune na mwenzao walimweleza bakteria mpya, Sporomusa aerivorans, anayetengeneza asetati kutoka haidrojeni na ambaye pia huweza kuiondoa oksijeni inayomkaribia. Ni uthibitisho mwingine wa ile vita ya ukingo na kitovu.

Haidrojeni isipochukuliwa na watengenezaji wa asetati, huchukuliwa na vijidudu viitwavyo akea, ambavyo huigeuza kuwa methani. Mchwa walao udongo na walima kuvu hutoa methani zaidi kuliko walao mti. Mwaka 1982 makala iliyotikisa wengi, ambayo miongoni mwa waandishi wake walikuwamo mwanakemia Shem Wandiga wa Kenya na Paul Crutzen, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1995, ilikadiria kwamba mchwa wa dunia huenda hutoa tani milioni 150 za methani kwa mwaka. Vipimo vya baadaye vimeishusha sana. Sasa mchwa hupewa asilimia 1 hadi 3 hivi ya methani yote inayoingia angani. Sehemu ya maelezo ilipatikana Australia mwaka 2018: karibu nusu ya methani ya mchwa huliwa na bakteria wengine waliomo katika kichuguu na udongo wa chini yake kabla haijatoka nje. Nasikia wakati mwingine watu wakitaja mchwa ili kupunguza lawama kwa mafuta na mifugo. Takwimu hazikubaliani nao.

Ukishaielewa kanuni hii, utawaona wadudu wengine kwa jicho jingine. Mbung'o hula damu pekee, na damu haina vitamini B za kutosha. Humtegemea bakteria Wigglesworthia, aliye katika kiungo kilichopakana na utumbo wake, ambaye humtengenezea vitamini hizo. Mbung'o huzaa buu mmoja kwa wakati, akimlisha maziwa ndani ya mwili wake, na bakteria hupita katika maziwa hayo. Jike asiye na Wigglesworthia ni tasa. Kunguni, naye mnywa damu, amepata huduma hiyohiyo kwa bakteria wa jenasi ya Wolbachia. Mbawakawa mdogo anayetoboa matunda ya kahawa, mwenye asili ya Afrika na adui wa wakulima duniani kote, hula buni yenye kafeini ya kuwaua wadudu wengine. Mwaka 2015 ilionyeshwa kuwa bakteria wa tumboni mwake ndio wanaoivunja kafeini hiyo, na akipewa dawa za kuwaua bakteria hao uwezo huo hutoweka. Hata sumu inayochoma ngozi ukimponda yule mdudu mwekundu na mweusi aitwaye nzi wa Nairobi, ambaye kwa kweli ni mbawakawa wa jenasi ya Paederus, si kazi ya mdudu: utafiti uliofanywa kwa ndugu zake umeonyesha kuwa hutengenezwa na bakteria anayeishi mwilini mwao.

Jambo la mwisho linamhusu kila anayepulizia dawa shambani. Mdudu mfyonzaji wa soya wa Japani, Riptortus pedestris, harithi bakteria wake kwa mama. Kila kizazi huwaokota upya kutoka udongoni. Mwaka 2012 Wajapani walionyesha kuwa katika udongo unaonyunyiziwa mara kwa mara dawa ya fenitrothioni, bakteria wanaoila dawa hiyo huongezeka, na mdudu akiwaokota hao, huweza kuihimili dawa ndani ya kizazi kilekile. Jeni za mdudu hazijabadilika hata moja. Usugu tuliozoea kuuelezea kwa uteuzi wa vizazi vingi vya wadudu unaweza kuanzia ardhini, kwa kiumbe ambaye hakuna aliyempima, na kuingia kwa mdudu kwa mlo mmoja. Mkulima anayeona dawa yake imeacha kufanya kazi anapaswa kuulizwa habari za udongo wake pia, siyo za wadudu peke yao.